Sakafu ya Alumini Katika Chombo cha Chini Bapa: Kutoka Karakana za Tukuyu Hadi Maji ya Nyasa

Sakafu ya chombo cha kuvulia samaki ni tabaka la mbao au metali linalotandazwa juu ya mataruma, yaani zile mbavu za ndani zinazoshikilia umbo la chombo, ili mvuvi apate mahali pa kusimama, pa kulaza nyavu na pa kumwaga samaki bila kulilemea moja kwa moja ganda la nje linalozuia maji. Katika mtumbwi wa kuchonga, ambao Wanyakyusa huuita ubwato na ambao hadi leo huonekana kwenye fukwe za Matema na Ikombe za Ziwa Nyasa, hakuna kitu kinachoweza kuitwa sakafu, kwa kuwa mvuvi hukanyaga gogo lile lile linalozuia maji, na maji yakiingia huyaona papo hapo miguuni pake na kuyakumba kwa upo. Chombo cha mbao zilizoungwa, au cha mabamba ya metali, hubadilisha mambo: mataruma hupita kutoka ubavu mmoja hadi wa pili, mguu huteleza katikati yake, nyavu hunasa, na uzito wa mtu mzima hukusanyika juu ya ubao mwembamba mahali pasipozidi ukubwa wa wayo. Sakafu huusambaza uzito huo kwenye mataruma mengi kwa pamoja. Wakati huo huo huleta jambo ambalo mwenye mtumbwi wa gogo hakulijua, nalo ni nafasi iliyofichika kati ya sakafu na chini ya chombo, ambayo mabaharia wa pwani huiita ngama, na maji yanayokusanyika humo hayaonekani. Karibu kila swali la ufundi wa sakafu hurudi kwenye nafasi hiyo.

Wilaya ya Rungwe, yenye makao makuu katika mji wa Tukuyu, haina tena ufukwe wa Ziwa Nyasa tangu Kyela ilipotengwa na kuwa wilaya yake yenyewe, lakini nyanda za juu na ziwa havijaachana. Mito ya Kiwira na Mbaka huteremka kutoka upande wa Mlima Rungwe hadi ziwani, mteremko unaozidi meta 1,000 kuhesabia kutoka Tukuyu. Mbasa, samaki anayethaminiwa sana na walaji wa huko, hupanda mito inayoingia ziwani ili kutaga mayai. Na usipa waliokaushwa hupandishwa kwa magari hadi masoko ya Tukuyu na Mbeya. Magari hayo hayo hurudi Kyela yakiwa na bidhaa za madukani, na miongoni mwake mabati, misumari na mbao. Tena Rungwe ina maji yake yenyewe, maziwa madogo yaliyojaa ndani ya kreta za volkano, kama vile Ikapu, Itamba na Masoko. Hili la mwisho, ambalo pia huitwa Kisiba na ambalo liko kando ya njia ya kuelekea Ipinda na Matema, lina upana wa meta zipatazo 700 na kina kinachokaribia meta 40.

Chombo cha chini bapa ni kile kisichokuwa na mkuku, yaani ule mti mrefu unaopita chini ya chombo kama uti wa mgongo, bali chini yake kimelala sawasawa kama sinia. Sifa yake kubwa ni kuelea kwenye maji machache na kutulia mtu anaposimama ndani yake, kwa sababu kikianza kulala upande mmoja, ubavu wote wa upande huo huzama na kukisukuma kurudi. Kasoro yake ni kwamba utulivu huo una mpaka: kikishalala kupita kiasi, nguvu ya kukirudisha huisha ghafla, nacho hupinduka bila kutoa onyo, tofauti na chombo chenye chini ya mviringo ambacho huyumba mapema lakini huchelewa kupinduka. Kwa hiyo mahali pake halali ni maziwa ya kreta, midomo ya mito na maji ya kina kifupi ya uwanda wa Kyela, wala si uvuvi wa usipa wa usiku mbali na ufukwe, katika ziwa ambalo kina chake kikubwa hupita meta 700 na ambalo upepo wa kusini-mashariki wa katikati ya mwaka hulisukumia mawimbi kutoka mamia ya kilometa. Sakafu yoyote, hata ingekuwa ya dhahabu, haikigeuzi chombo cha mtoni kuwa cha ziwani.

Metali si ngeni katika maji hayo. Meli ya Kijerumani iliyoitwa Hermann von Wissmann ililetwa kwa vipande kupitia mito ya Zambezi na Shire na kufika ziwani mwaka 1893, na katika karne hii meli za chuma za MV Njombe na MV Ruvuma ziliundwa papo hapo kwenye bandari ya Itungi, Kyela. Alumini ilichelewa zaidi. Njia nafuu ya kuizalisha kwa umeme iligunduliwa mwaka 1886, mara mbili katika mwaka huo huo, na Charles Hall nchini Marekani na Paul Héroult nchini Ufaransa. Vyombo vidogo vya alumini vikaenea hasa baada ya Vita Kuu ya Pili, pale kiwanda cha ndege cha Grumman kilipoyageuza mabamba na ribiti zake kuwa mitumbwi. Katika Rungwe na Kyela vyombo vidogo bado ni vya mbao, na ndiyo maana swali la huko mara nyingi haliwi jinsi ya kutengeneza chombo kizima cha alumini, bali jinsi ya kutandaza sakafu ya alumini ndani ya chombo cha mbao, ambako metali na mti vinalazimika kukaa pamoja katika unyevu. Ufundi wenyewe haupo mbali. Mafundi wa milango na madirisha ya alumini, ambao siku hizi wamo karibu katika kila mji wa Tanzania, wana msumeno, keekee, ribiti na vipande vya pembe, na wanayajua mabati yenye vinundu yanayotandikwa kwenye sakafu na ngazi za mabasi. Wanachokosa ni mazoea ya maji.

Sababu ya kwanza ya kuchagua alumini ni uzito. Bamba la alumini lenye unene wa milimeta 2 lina uzito wa kilo 5.4 kwa kila meta ya mraba, na la milimeta 3 lina kilo 8.1. Ubao wa msindano wenye unene wa milimeta 25 una uzito wa kilo 12 hivi ukiwa mkavu, nao haukai mkavu. Kwa chombo chenye urefu wa meta 4, ambacho sakafu yake ni meta 3 za mraba, bamba la milimeta 3 litakuwa na uzito wa kilo 24, na mbao hizo zitakuwa na kilo 36 hivi siku ya kwanza na zaidi ya hapo baada ya mwezi mmoja majini. Tofauti hiyo yapata ndoo ya samaki katika kila safari. Zaidi ya hayo, alumini haiozi, hailiwi na mchwa chombo kinapokuwa nchi kavu, na utelezi wa usipa husuguliwa ukatoka bila kuacha harufu kwenye vinyweleo kama inavyokuwa kwa mbao.

Hapo ndipo wengi hukosea, kwa kudhani kwamba kitu cha metali lazima kiwe kigumu kuliko ubao. Uwezo wa bamba kutopinda hutegemea unene wake kwa namna kali sana: unene ukiongezwa mara mbili, ukinzani wa kupinda huongezeka mara nane. Alumini, kipande kwa kipande, inakataa kupinda mara nane au tisa zaidi ya mbao za tabaka, lakini kwa kuwa hununuliwa ikiwa nyembamba, mbao za tabaka zenye unene wa milimeta 12 hupinda kwa shida zaidi ya mara sita kuliko bamba la alumini la milimeta 3. Mtu akiondoa mbao zake za zamani na kuweka bamba juu ya mataruma yale yale yaliyoachana kwa nusu meta, sakafu itabonyea kila anapokanyaga, itatoa mlio kama debe, na matundu ya ribiti yatapanuka hadi yalegee. Dawa yake si kununua bamba nene, jambo linaloua faida yote ya wepesi, bali ni kuongeza mihimili ya kulishikilia, ili pasiwe na nafasi inayozidi sentimeta 30 hivi kati ya mhimili na mhimili. Mihimili hiyo hutengenezwa kwa vipande vya alumini vya pembe mraba au kwa mirija ya mraba, ileile inayotumiwa kwenye fremu za madirisha.

Alumini haishiki kutu nyekundu kama chuma kwa sababu uso wake, mara tu unapoguswa na hewa, hujifunika kwa ngozi nyembamba isiyoonekana, inayotokana na metali hiyo kuungana na oksijeni, na ngozi hiyo ikikwaruzwa hujiotesha upya. Mpishi yeyote anaifahamu kwa upande wa pili: sufuria ya alumini iliyochemshiwa maharage yenye magadi hugeuka nyeusi, kwa kuwa magadi huishambulia ngozi hiyo. Majivu na sabuni kali hufanya vivyo hivyo, na kwa hiyo sakafu ya alumini huoshwa kwa maji na mchanga laini, si kwa majivu. Ngozi hiyo huhitaji oksijeni ili ipone. Matope, majani na magamba ya samaki yakikwama chini ya sakafu na kukaa na unyevu siku nyingi, metali iliyo chini yake hukosa hewa na kuanza kutoboka kwa vishimo vidogo, hata kama upande wa juu unang'aa. Ngama inarudi tena.

Si kila alumini inafaa. Metali safi ni laini mno, na kwa hiyo huchanganywa na nyingine ili kupata aloi, ambazo hutambulishwa kwa namba. Aloi za 5052 na 5083, zilizochanganywa na magnesi, ndizo zinazotumiwa sana kwa vyombo vya majini. Za 6061 na 6063, zenye magnesi na silikoni, hufaa kwa mihimili, na fremu za madirisha kwa kawaida ni za 6063. Aloi za mfululizo wa 2000 zina shaba ndani yake na hazipaswi kukaribia maji. Mabamba yaliyopatikana kwenye vyuma chakavu bila namba wala historia ni bahati nasibu, na alumini iliyoyeyushwa na kumiminwa na wafua sufuria, pamoja na kufaa kwake jikoni, huvunjika badala ya kupinda.

Adui mkubwa wa alumini majini ni metali nyingine. Metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji hugeuka kuwa kama betri ndogo, ambamo ile dhaifu huliwa ili nyingine ipone, na katika jozi nyingi alumini ndiyo inayoliwa. Katika maji baridi ya Nyasa au Masoko ulaji huo ni wa polepole kuliko katika bahari, kwa kuwa chumvi ndiyo inayopitisha umeme vizuri, lakini polepole si kamwe. Shaba ni mbaya kuliko zote: msumari wa shaba, sarafu iliyodondoka au waya uliochubuka ukilala juu ya bamba lenye maji huacha tundu. Risasi za kuzamishia nyavu nazo zisiachwe zikalala chini ya sakafu. Chombo kinachotumia taa kiwe na betri ndani ya sanduku la plastiki, kwa kuwa tindikali ya betri hula alumini, na waya zote mbili, wa kwenda na wa kurudi, zipitishwe bila kuugusa mwili wa metali.

Hatari ambayo haitazamiwi kabisa imo ndani ya mbao. Mbao zilizotiwa dawa dhidi ya mchwa na ukungu, zile zenye rangi ya kijani kibichi kama za nguzo nyingi, mara nyingi zimeshindiliwa chumvi zenye shaba. Shaba hiyo hutoka kidogo kidogo kila mbao zinapolowa, na bamba la alumini lililogandamizwa juu yake hutobolewa kutoka chini katika muda ambao mwenye chombo bado anajisifu kwa kutumia mbao bora. Kwa ajili ya sakafu ya alumini, mataruma yawe ya mbao zisizo na dawa hiyo, zilizopakwa rangi ya mafuta mara kadhaa, na kati ya mti na metali itandikwe kanda ya mpira au ya plastiki nene. Hilo ni kinyume na ushauri wa kawaida wa ujenzi wa nyumba, na fundi aliyezoea mapaa atalipinga. Katika jambo hili asisikilizwe.

Kazi yenyewe huanza kwa kuondoa kila kitu ndani ya chombo, kukikausha na kukikagua, kwa sababu mpasuko utakaofunikwa leo hautaonekana tena kwa urahisi, na mahali pa kuziba kwa kalafati pazibwe kabla, si baada. Kisha hukatwa kielelezo cha sakafu kwa boksi la karatasi ngumu. Kuta za chombo kidogo hazilingani hata kama zinaonekana kulingana, na kwa hiyo boksi hukatwa dogo kidogo, huwekwa ndani, na umbali kati ya ukingo wake na ukuta huchorwa kwa bikari, hatua kwa hatua, mpaka umbo halisi lipatikane. Umbo hilo huhamishiwa kwenye bamba likiwa limepunguzwa milimeta 5 hivi kila upande. Nafasi hiyo si uvivu wa kupima: bamba la meta 3 likipata joto la nyuzi 30 za Selsiasi zaidi ya lilivyokuwa alfajiri, hurefuka kwa milimeta 2, na likikosa pa kwenda litajikunja katikati na kuinuka.

Bamba moja zima hupendeza macho, lakini halifai. Sakafu igawanywe vipande vitatu au vinne, na vile vya katikati na vya upande wa tezi, yaani nyuma, vishikiliwe kwa skurubu za chuma kisichoshika kutu ili viweze kutolewa; ribiti zitumike tu pale ambapo hapatahitaji kufunguliwa. Ribiti ziwe za alumini zenye unene unaokaribia milimeta 5, tundu lake lisiwe karibu na ukingo kuliko mara mbili ya upana wake, na chini ya kila kichwa cha skurubu pawe na kidude cha plastiki cha kuitenganisha na bamba. Kuhusu matundu kuna kanuni moja isiyo na msamaha: keekee isiguse ganda la nje. Mihimili hufungwa kwenye mataruma, na sakafu hufungwa kwenye mihimili. Kingo zote hupigwa tupa, na ikiwezekana hukunjwa kuelekea chini, kwa kuwa ukingo mbichi wa bamba hukata uzi wa nyavu na nyama ya mguu kwa wepesi ule ule.

Kuhusu nafasi iliyo chini ya sakafu, kila taruma liwe na mlango mdogo wa kupitisha maji, ili maji yote yaelekee kwenye sehemu moja karibu na tezi, ambako huachwa kidirisha kinachoingiza upo na mkono. Maji yaliyofungiwa chini ya sakafu hukimbilia upande chombo kinapoinamia na kuongeza mwinamo huo, na kwa chombo cha chini bapa hicho ndicho kichocheo cha kupinduka ghafla kulikoelezwa hapo juu. Wengine hujaza nafasi hiyo kwa sponji, wakidhani wanaongeza uwezo wa kuelea. Sponji ya magodoro hunywa maji. Inayofaa ni ile ngumu ambayo vishimo vyake vimefungwa, na lita 100 zake huweza kubeba kilo 95 au zaidi. Madumu matupu ya lita 20 yaliyofungwa barabara hufanya kazi hiyo kwa bei ndogo. Hata hivyo mahali pake pazuri ni juu kwenye mbavu na chini ya viti, si chini ya sakafu, kwa kuwa chombo kilichojaa maji huku maboya yake yako chini hutafuta kugeuka kichwa chini.

Urefu wa sakafu kutoka chini ya chombo ni jambo la kupimwa kwa ubahili. Kila sentimeta inayoongezwa humwinua mvuvi na mzigo wake, na kupandisha kitovu cha uzito, yaani ile nukta ambayo uzito wote huhesabiwa kana kwamba umekusanyika hapo. Ukingo uliokuwa ukimfikia magotini humfikia katikati ya muundi, na mtu anayevuta nyavu zenye samaki huutegemea ukingo huo kumzuia asianguke. Sakafu ikae chini kadiri mataruma yanavyoruhusu, hata kama kufanya hivyo kunaiacha isiwe sawasawa kabisa.

Bamba tupu lina kero zake pia. Linapolowa utelezi wa samaki huteleza kuliko ubao, na vinundu vya bati la basi husaidia kidogo tu. Rangi iliyochanganywa na mchanga mkavu hushika vizuri zaidi. Jua la mchana hulipasha hadi miguu mitupu ishindwe kukanyaga, na kila kafi inayodondoka juu yake hupeleka kishindo majini. Mkeka wa mpira huondoa kero zote tatu, mradi uwe wa kutandikwa na kukunjwa, si wa kugundishwa, kwa kuwa gundi hufungia unyevu.

Chombo cha uvuvi nchini Tanzania hutakiwa kusajiliwa na kupewa leseni chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, na usalama wa vyombo vya majini husimamiwa na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, TASAC. Mwenye chombo aliyebadilisha sakafu na kuongeza mihimili amebadilisha uzito na utulivu wake, na ni vyema awaonyeshe wakaguzi kabla ya kurudi kazini. Kabla ya hapo lipo jaribio lisilohitaji ofisi. Chombo huelekezwa kwenye maji yanayofika kiunoni, alama ya kimo cha maji hupigwa ubavuni, kisha ndoo mbili za maji humwagwa upande wa omo, yaani mbele, na watu wawili husimama ndani na kuhamia upande mmoja. Maji hayo yakifika kwenye kidirisha cha tezi kabla mtu hajahesabu mpaka 60, sakafu imekubali. Yakibaki njiani, skurubu zifunguliwe siku hiyo hiyo.